Wahitimu wa sheria kukwama Shule ya Sheria: tatizo ni shule, ni vyuo, au ni wanafunzi wenyewe?

#1 Fundi Waya (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni.

Nina mdogo wangu wa kike, kitinda mimba kwetu. Alimaliza shahada ya sheria na daraja la pili la juu. Nyumbani tulichinja, mama akaanza kumwita "wakili" mbele ya majirani. Akaenda Shule ya Sheria pale barabara ya Sam Nujoma, Dar, wanakosomea wahitimu ili wawe mawakili. Majibu yametoka, ana sapu nne, yaani masomo manne ya kurudia mtihani. Tangu juzi hatoki chumbani, sahani inawekwa mlangoni na inarudi kama ilivyokwenda.

Mimi ni fundi umeme, sheria siijui. Ila kuna kitu hakiniingii akilini. Miaka yote ile chuoni anaambiwa anaweza, miezi michache mbele anaambiwa hawezi. Hawa wawili hawawezi kuwa wakweli wote. Nakumbuka 2022 wanafunzi 633 walifanya mtihani pale wakafaulu 26, nchi nzima ikapiga kelele. Wanasheria mliomo humu, anayekosea ni nani? Na huyu mdogo wangu nimwambie nini?

#2 Nyota Njema
Pole mkuu. Sapu nne si kudisko, hajaondolewa shuleni. Mpelekee chakula wewe mwenyewe, kaa naye mpaka ale. Maneno baadaye.

#3 Kalamu Nyekundu
Hiyo takwimu ya 2022 inanukuliwa nusu kila mara, naomba tuikamilishe. Waliofanya walikuwa 633, ni kweli, na waliofaulu masomo yote kwa mkupuo mmoja ni 26. Lakini 342 walipata sapu, maana yake walibaki na nafasi ya kurudia. Waliodisko ni 265. Ukisema "wamefaulu 26" msikilizaji anadhani watu 607 walifungiwa geti siku ileile.

Hata ukiihesabu vizuri bado inauma. 265 ni zaidi ya wanne katika kila kumi. Ndiyo maana waziri wa wakati ule, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, ambaye naye amewahi kufundisha sheria Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Sasa niseme langu. Nimefundisha sheria chuo kimoja kwa miaka tisa. Darasa la mwaka wa kwanza lilikuwa na watu mia tatu na ushee. Nilikuwa natoa insha moja kwa muhula, nazisahihisha usiku, naweka alama juu ya karatasi basi. Sentensi moja tu ya maelezo kwa kila karatasi ingenichukua wiki nzima, na wiki hiyo sikuwa nayo. Mwanafunzi anapata 62 bila kujua 38 zimepotelea wapi. Mwaka wa pili anarudia kosa lilelile, wa tatu hivyo hivyo, anahitimu nalo, na hakuna aliyemwambia. Fundi, mdogo wako hakudanganywa kwa makusudi. Alipitishwa na watu waliochoka, na mimi nilikuwa mmoja wao.

#4 Wakili wa Mkoani
Mwalimu hapo juu naheshimu ukweli wako, ila sikubali kwamba chuo ndicho chanzo. Kazi ni mbili tofauti. Chuoni unafundishwa mkataba ni nini. Shule ya Sheria mteja anakaa mbele yako analia, ana karatasi tatu zilizochakaa kwenye mfuko wa rambo, na wewe unatakiwa jioni hiyo utoe hati ya madai ambayo msajili hatairudisha. Mtu anaweza kuwa hodari wa la kwanza na akashindwa la pili.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa uwakili niliandaa maombi na hati ya kiapo ya mama mmoja aliyetoka kijijini na basi la alfajiri. Kiapo kizuri, aya kumi na nne, kila kitu kimenyooka. Mwisho kabisa, pale kamishna wa viapo anaposhuhudia, tuliandika tarehe, tukasahau mahali kiapo kilipoapiwa. Sheria ya viapo, Sura ya 12, inataka vyote viwili, mahali na tarehe. Wakili wa upande wa pili alisimama na pingamizi la awali kwa dakika nne. Maombi yakafutwa. Mama akaniuliza kwenye korido, "Mwanangu, tumeshinda?" Sikuwa na daraja la chini chuoni. Nilikuwa na daraja la juu kuliko la mdogo wako.

Shule ya Sheria inakata alama kwa kosa kama hilo, na inafanya vyema. Afadhali likatwe kwenye karatasi ya mtihani kuliko kwenye kesi ya mama wa watu.

#5 Mto Pangani
#4 wakili msomi, hiyo ni enzi ya kufutana kwa ufundi. Tangu Sheria Na. 8 ya 2018 mahakama zinatakiwa kuangalia haki ya msingi, si kunasana kwenye nukta na koma. Bado tunawafelisha watoto kwa mambo ambayo sheria yenyewe imeyalegeza?

#6 Wakili wa Mkoani
#5 Hapana ndugu. Lile lengo kuu la haki lipo, ila Mahakama ya Rufani imeshasema mara kadhaa kwamba haliwezi kutumika kuruka masharti ya lazima ya utaratibu. Nenda kesho na kiapo kisicho na mahali, simama useme "lengo kuu", kisha uje utusimulie.

#7 Mwana wa Manzese
Mimi niko ndani ya hiyo shule sasa hivi, kwa hiyo naomba nisikilizwe kidogo.

Watu wanaongelea akili na uvivu, hakuna anayeongelea tumbo. Chuoni nilikuwa na bumu, ule mkopo wa serikali. Bumu lilipoisha, maisha ya kujitegemea yakaanza siku hiyohiyo. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita. Naamka saa kumi, nashusha mizigo sokoni mpaka saa moja, nakimbilia darasani na jasho lile lile. Usiku nasoma kwa mwanga wa simu kwa sababu tunaoshirikiana umeme ni vyumba vinane, na luku ikiisha kila mtu anamtazama mwenzake.

Nilipata sapu mbili. Mojawapo nakumbuka kabisa, nilisoma swali, nikaona neno "mirathi", nikaandika kila ninachokijua kuhusu mirathi kurasa sita. Swali lilikuwa linataka niandike ombi la barua ya usimamizi wa mirathi kwa mtu aliyekufa bila wosia. Hawakuuliza mirathi ni nini. Nililigundua nikiwa kwenye daladala narudi. Sikuwa mjinga, nilikuwa na usingizi.

#8 Shangazi wa Ilala
Mwanangu #7 umenitoa machozi. Pole.

Ila nyote mmezunguka mbuyu, mbuyu wenyewe hamjaugusa: LUGHA. Mtoto kasoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba. Nyumbani Kiswahili, sokoni Kiswahili, mteja atakayekuja kumwona atamweleza kwa Kiswahili, shahidi atatoa ushahidi kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Halafu mtihani wa kumpima kama anaweza kazi hiyo unakuja kwa Kiingereza. Anatumia nusu ya muda kutafuta neno. Hicho ndicho kinachopimwa?

#9 Mto Pangani
Naunga mkono hoja ya shangazi asilimia zote.

#10 Jirani wa Nairobi
Hamjambo wakubwa. Niwape picha ya huku kwetu, maana kilio ni kimoja.

Kwetu Shule ya Sheria ya Kenya iko Karen, inafundisha, lakini mtihani wa kuwa wakili hauandaliwi nayo. Unasimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Masomo ni tisa. Karatasi ya mtihani ni asilimia 60, mradi 20, na mtihani wa mdomo 20. Kila mwaka watu wanafeli wengi na maneno ni haya haya yenu: wengine wanalaumu vyuo, wengine baraza, wengine ada.

Dada Shangazi, kuhusu lugha: sheria yetu ya mwaka 2012 inataka anayeingia kupitia digrii awe na wastani wa C+ kwenye KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, na B ya Kiingereza AU Kiswahili. Watu wameshtakiana sana mahakamani juu ya kifungu hicho. Lakini mtu aliyeingia kwa B ya Kiswahili bado anafanya mtihani kwa Kiingereza. Kwa hiyo mlango umefunguliwa kwa lugha moja na sebuleni wanaongea nyingine.

#11 Shangazi wa Ilala
#10 ahsante mdogo wangu. Hilo la sebule nalichukua.

#12 Kalamu Nyekundu
Shangazi, nakuheshimu, ila nina shaka. Katika zile insha za usiku kulikuwa na za Kiingereza kibovu chenye hoja iliyonyooka, na hizo nilizipa alama. Zilizonivunja moyo ni zile za Kiingereza safi kabisa, kilichonyofolewa kutoka kwenye desa, yaani majibu ya kunakili, la mwaka wa juzi, na ndani hamna kitu. Kuna mwaka watu arobaini walinukuu kesi moja na wote walikosea mwaka wa hukumu kwa namna moja. Desa lilikuwa limekosea. Hakuna hata mmoja aliyefungua hukumu yenyewe.

Unaweza kudesa kwa lugha yoyote.

#13 Mzee wa Lumumba
Vijana hamjambo. Nimesoma kimya kimya, sasa acheni mzee aseme.

Mnazungumza kana kwamba elimu ya sheria hapa imeanza jana. Chuo Kikuu cha kwanza nchi hii kilianza na sheria. Oktoba 1961, kabla hata bendera ya mkoloni haijashuka, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kitivo kilikuwa kimoja tu, Sheria, na wanafunzi hawakufika hata kumi na tano. Mlimani walihamia 1964. Kwa miaka kadhaa Mkenya au Mganda aliyetaka kusoma sheria ndani ya Afrika Mashariki alikuja Dar. Willy Mutunga aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya alisoma hapa. Julie Manning, mwanamke wa kwanza kusoma sheria pale, akaja kuwa jaji na Waziri wa Sheria. Issa Shivji alisoma pale na akafundisha pale miongo kwa miongo.

Kwa idadi ile mwalimu alikujua jina, kijiji na udhaifu wako. Ukiandika upuuzi alikuita ofisini ukausoma kwa sauti mbele yake. Nilishausoma wangu. Mpaka leo nikiandika barua ya kawaida nasikia sauti yangu mwenyewe ikijikwaa.

#14 Nyota Njema
Shikamoo mzee. Ukianza habari za mtaa wa Lumumba leo hatulali 😄 Lakini Shule ya Sheria yenyewe haikuwepo enzi hizo, au siyo?

#15 Mzee wa Lumumba
Marahaba binti. Haikuwepo. Imeanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, wanafunzi wakaanza kuingia 2008. Sisi tulikwenda mafunzo ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha unakaa mbele ya jopo la Baraza la Elimu ya Sheria unaulizwa ana kwa ana. Hakuna karatasi ya kujificha nyuma yake. Mmoja wa wajumbe aliniuliza swali moja tu: "Mteja wako amekiri kwako kwamba ameua. Kesho unasimama mahakamani. Unasema nini?" Nilijibu. Akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Na mama wa marehemu akikufuata nje?" Hilo sikulijibu vizuri, na nilipita.

#16 Mto Pangani
Jibu lako la kwanza lilikuwa nini mzee?

#17 Mzee wa Lumumba
#16 Kwamba siwezi kusema hakuua, kwa kuwa najua, na siwezi kumleta shahidi wa uongo. Lakini ninaweza kuubana upande wa mashtaka uthibitishe bila kuacha shaka, kwa sababu huo ni mzigo wao, si wangu.

#18 Kweli Tupu
Mnapamba maneno. Hakuna anayesema ukweli, nausema mimi. Mawakili waliomo sokoni hawataki ushindani. Zamani sheria ilikuwa Mlimani peke yake, leo vyuo vinavyotoa shahada ya sheria havihesabiki. Wote hao wakiapishwa nani atalipwa? Shule ni chujio la kulinda mkate wa wakubwa. Mwenye macho haambiwi tazama.

#19 Wakili wa Mkoani
#18 Naomba ushahidi. Wanaosahihisha mitihani si wale wanaogombea wateja na mimi. Na nikwambie hali ilivyo mkoani kwangu: ziko wilaya ambazo mwananchi akitaka wakili anapanda basi. Ninaowaogopa mimi si vijana wapya. Ni vishoka wanaokaa nje ya mahakama na mihuri ya kuchonga, wanamwandikia bibi kizee "hati" kwa bei ya soda, kisha anakuja kwangu muda wa rufaa umepita.

#20 Kweli Tupu
Hao vishoka wametoka wapi? Wengine ni hao hao mliowafelisha. Mtu ana shahada ya sheria, hana uwakili, ana watoto. Atakula nini?

#21 Wakili wa Mkoani
#20 Hapo umesema kitu. Siwezi kukibisha.

#22 Karani Mstaafu
Wakuu salaam. Mimi nilikuwa karani wa mahakama, nimestaafu. Sina shahada. Nimepokea majalada miaka ishirini na minane.

Nitawaeleza nilichokiona dirishani. Wanafunzi wa fildi, wanaoletwa kujifunza kazi kwa vitendo, walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza anafika saa tatu, anasaini daftari, anaomba akae kwenye kiti karibu na soketi ya kuchaji simu. Saa saba hayupo. Mwisho anakuletea fomu umjazie kwamba alihudhuria. Wa pili anakuuliza, "Mzee, hili jalada kwa nini limerudishwa?" Unamfungulia. Anaona ada haijalipwa, au jina la mdaiwa limeandikwa tofauti kurasa mbili, au uthibitisho wa hati haukusainiwa. Siku tatu anakuwa anajua mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote.

Nilikuwa na kijana mmoja wa aina ya pili, alikuja na daftari la shule ya msingi lenye picha ya twiga. Kila hati iliyorudishwa aliiandika: imerudishwa kwa nini. Mwisho wa fildi alikuwa na sababu hamsini na mbili. Siku hizi ni hakimu. Bado ananipigia simu kila Idi.

#23 Mwana wa Manzese
#22 mzee ahsante. Kesho nanunua daftari.

Ila nitetee kidogo wenzangu wa soketi. Kuna ofisi unapelekwa fildi hakuna anayekutazama. Nimekaa ofisi moja (sitaitaja jina) wiki nane, kazi yangu ilikuwa kutoa nakala na kupeleka bahasha. Jalada sikuruhusiwa kugusa, eti ni siri ya mteja. Nilijifunza kutengeneza mashine ya fotokopi ikikwama karatasi.

#24 Karani Mstaafu
#23 Na hilo nalo ni kweli.

#25 Nyota Njema
Kwa nini usiwekwe mtihani wa kuingia? Kabla hujalipa ada na kodi ya miezi sita ujue kama uko tayari. Kuliko kumwacha mtu aingie, atumie pesa za wazazi, ndipo umwambie.

#26 Jirani wa Nairobi
#25 Waganda waliwahi kuwa nao pale LDC, ile taasisi yao ya Kampala ya kufundisha mawakili. Ulipingwa vikali. Watu walisema mtu ana digrii inayotambulika, kwa nini apimwe tena kabla hata hajafundishwa.

#27 Kalamu Nyekundu
Mimi ningeukubali kwa sharti moja: majibu yarudi vyuoni yakiwa na jina la chuo. Chuo kijue watu wake mia wamekwenda na themanini wamekwama kwenye uandishi wa hati. Leo mhadhiri hajui kabisa kilichompata mwanafunzi wake baada ya joho. Mimi nilikuwa nasikia kwenye misiba na harusi.

#28 Shangazi wa Ilala
Tulipoanza tulikuwa na binti mmoja hali chakula. Fundi Waya uko wapi? Anaendeleaje?

#29 Fundi Waya (mleta mada)
Nipo shangazi, nilikuwa juu ya nguzo tangu asubuhi. Nimewasoma wote. Nawashukuru.

Jana usiku nilifanya kama alivyosema Nyota Njema, nikakaa naye. Alikula kidogo. Nikampa simu asome huu uzi. Alipofika kwa kijana wa mirathi kurasa sita akasema, "Na mimi nilifanya hivyo hivyo." Alipofika kwa mama wa kijijini aliyeuliza "tumeshinda?" akaniomba kalamu. Ameandika kitu, anaogopa kuwaonyesha. Nimemwambia humu hakuna anayemjua sura. Ameandika kwa Kiswahili kwanza ili aone kama anaelewa anachokifanya. Ni kesi ya kubuni ya mkopo:

"Kwamba mlalamikaji alimkopesha mdaiwa fedha kwa makubaliano, na mdaiwa amekataa kulipa licha ya kudaiwa mara nyingi, hivyo mlalamikaji amepata hasara kubwa."

#30 Wakili wa Mkoani
Mwambie amefanya vizuri kuonyesha. Sasa twende kazini.

Kwanza, kwenye madai tunasema mdai na mdaiwa. Mlalamikaji muache kwa polisi. Pili, afungue Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Amri ya VII kanuni ya 1, inayotaja yanayotakiwa kuwemo kwenye hati ya madai, aiweke pembeni ya aya yake, aulize kimoja kimoja kama kimo. Alikopesha lini? Wapi? Shilingi ngapi? Makubaliano ya mdomo au maandishi? Zilitakiwa zirudi lini? Hiyo tarehe ya kurudi ndiyo roho ya kesi, kwa sababu hapo ndipo sababu ya madai inapozaliwa na hapo ndipo saa ya ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua shauri, inapoanza kuhesabu. "Mara nyingi" ni mara ngapi, kwa barua au kwa kupiga hodi? "Hasara kubwa" hakimu hawezi kuiandikia amri. Ataje.

#31 Karani Mstaafu
Na jina la mdaiwa aliandike kama lilivyo kwenye mkataba, herufi kwa herufi. Nimerudisha hati kwa "Mohamed" na "Mohammed".

#32 Fundi Waya (mleta mada)
Amekaa nayo kama dakika kumi, hii hapa:

"Kwamba tarehe 4 Machi 2024, jijini Mwanza, mdai alimkopesha mdaiwa shilingi 6,000,000/= kwa mkataba wa maandishi, nakala yake imeambatishwa kama Kielelezo A. Kwamba kwa mujibu wa aya ya 3 ya mkataba huo, mdaiwa alipaswa kurejesha fedha zote ifikapo tarehe 4 Septemba 2024. Kwamba mdaiwa hakurejesha kiasi chochote. Kwamba tarehe 20 Septemba 2024 mdai alimpelekea mdaiwa barua ya madai, Kielelezo B, ambayo haikujibiwa mpaka shauri hili linafunguliwa."

#33 Nyota Njema
Jamani! Huyu ndiye mwenye sapu nne?

#34 Kalamu Nyekundu
Hii ningeiandikia sentensi pembeni. Ningeandika: "Sasa naiona kesi." Na Shangazi naomba uangalie, aya ya kwanza nayo ilikuwa ya Kiswahili na ilikuwa na mashimo yale yale. Aliyemtoa ni Amri ya VII, si lugha.

#35 Shangazi wa Ilala
#34 Mwalimu, angalia tena na wewe. Kaulizwa kwa Kiswahili, kaelewa alichoulizwa, kajaza mashimo yote kwa dakika kumi. Chumba cha mtihani anaulizwa kwa lugha gani?

#36 Kweli Tupu
Na mnamsahihishia bure hapa usiku huu kitu ambacho amelipia ada asipewe. Mimi nimenyamaza.

#37 Wakili wa Mkoani
Hajamaliza. Hajaonyesha kwa nini mahakama hiyo ina mamlaka, wala thamani ya shauri kwa ajili ya ada, wala anachokiomba, wala uthibitisho wa hati mwishoni. Nianze na la mamlaka. Sura ya 33 inataka shauri lifunguliwe mahakama ya ngazi ya chini kabisa inayoweza kulisikiliza. Deni la milioni sita, limezaliwa Mwanza. Binti, unakwenda dirisha la mahakama ipi, na kwa sheria gani?

#38 Mzee wa Lumumba
Asijibu usiku huu. Alale. Na akiamka aisome kwa sauti.

#39 Fundi Waya (mleta mada)
Mzee amechelewa, ameshachukua Sura ya 11, Sheria ya Mahakama za Mahakimu, yuko nayo mezani. Na amekula wali wote. Anasema mlete swali jingine kesho, hili la mahakama atalijibu asubuhi kabla sijaondoka kwenda kazini.